Wembe Usirudi Kinyozini, Ubaki Nyumbani

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, tena nililisikia zaidi ya watoto wengine wa Majengo, Mombasa, maana baba yangu alikuwa kinyozi na kila mpita njia aliyetaka kumchokoza alimrushia methali hiyo. Yeye alikuwa akicheka tu. Alfajiri, kabla ya kutoka kwenda kazini, alikuwa amekwisha kujinyoa mwenyewe kwa wembe wa kukunja, mbele ya kigae cha kioo kilichopachikwa ukutani uani.

Wasomaji wapenzi, leo nataka tuzungumze juu ya wembe huo, ule wenye chuma kimoja kirefu kinachoingia ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Vijana wengi hawajauona ila katika filamu, mkononi mwa mtu mbaya. Nasema wazi tangu mwanzo nisije nikaeleweka vibaya: sitaki wembe huo urudi kwenye maduka ya vinyozi. Ulipoondoka huko uliondoka kwa sababu. Lakini kuufukuza hata majumbani mwetu, kana kwamba hakuna mwenye akili timamu awezaye kuushika, hilo silikubali. Nasema hivyo mimi niliyejifunza kuutumia nikiwa na umri wa miaka 60.

Baba alianza kazi mwaka 1958, chini ya mwarobaini, kiti kimoja na sanduku moja. Alikuwa na nyembe tatu alizonunua kwa mabaharia. Mbili zimepigwa muhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, na moja ya Sheffield, Uingereza. Kwa nyembe tatu hizo alinyoa makuli, mahakimu, mabwana harusi na maiti. Kati ya mteja na mteja aliusuuza wembe kwa maji ya moto, akaupangusa kwa kitambaa, akaupitisha kwenye ukanda wa ngozi mara kadhaa, basi. Ndivyo walivyofanya vinyozi wote na hakuna aliyeona ubaya.

Mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi akatambuliwa hapa Kenya. Miaka iliyofuata habari zilienea, na watu wakaanza kuja kwa Baba na nyembe zao mifukoni. Mwanzoni aliudhika sana, kana kwamba ameambiwa mikono yake michafu. Siku moja akaja nyumbani na mteja wake mmoja, daktari, wakaketi barazani mpaka usiku. Sikusikia yote waliyosema, lakini asubuhi yake Baba alichukua kopo la biskuti akazifungia humo nyembe mbili. Ile ya tatu akaiweka kwa uso wake peke yake. Tangu siku hiyo wateja aliwanyoa kwa zile nyembe nyembamba za pakiti. Aliuvunja mmoja katikati, akachomeka nusu kwenye kishikio, na kazi ikiisha aliitupa huku mteja akiona. Ni haki kabisa. Tone la damu lisiloonekana kwa macho laweza kubaki kwenye makali, na virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Maji ya moto ya bakulini si dawa ya hayo. Kwa hiyo ukimwona kinyozi yeyote leo anatoa wembe wa kukunja uliotoka kwenye shavu la mwingine, inuka kitini uende zako, hata kama nusu ya ndevu imebaki.

Hayo ni ya kinyozini. Sasa njoo nyumbani.

Baba aliugua presha ya macho. Ugonjwa huo ni mwizi wa kimya, huanza kuiba pembeni mwa macho, na kinachopotea hakirudi. Alipogundua, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili linakwenda. Akawa haoni, lakini aliendelea kujinyoa. Mkono wake uliijua njia. Mpaka asubuhi moja mwezi wa Novemba 2021, mtoto alipokimbia uani akamgusa kiwiko, na Baba akajikata ncha ya sikio. Halikuwa jeraha kubwa, lakini sikio hutoa damu nyingi, na Mama alipoiona kanzu alipiga ukelele uliowaleta majirani. Siku hiyohiyo aliuchukua wembe akautia koponi pamoja na wenziwe, na ufunguo wa kabati akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Tukamletea Baba mashine ya umeme. Aliivumilia wiki moja. Alisema inamtafuna, na kelele zake zinamkumbusha jenereta. Tukamletea wembe wa plastiki, na mjukuu akawa anamnyoa. Baada ya siku chache shingo ikajaa vipele. Mzee akaacha kunyolewa. Ndevu zikaota ovyo, naye ambaye maisha yake yote hakupata kutoka nje bila kunyoa akawa hataki kukaa barazani. Watu wakija anasema amelala.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu ukarani. Na hapa lazima nikiri jambo. Mwaka 1978, nilipomaliza kidato cha nne, Baba alitaka anifundishe kazi. Nilikataa. Sikukataa kwa maneno makali, nilisema tu kwamba nimesoma. Yeye hakulirudia tena. Miaka 43 baadaye nikaenda kumwambia nataka anifundishe ili nimnyoe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wembe unao?"

Sikuwa nao, maana Mama alikataa katakata kutoa ufunguo. Nikaenda kwenye duka moja mjini nikanunua wembe wa kukunja wenye mpini unaometameta. Muuzaji aliniapia kwamba unakata unywele ukiwa hewani. Nilipomletea Baba aliupapasa, akaugusa makali kwa nyama ya kidole gumba, akajaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, akanirudishia. "Hiki ni kijiko," alisema. Chuma chake kilikuwa laini, hakishiki makali hata ukinoe mwaka mzima. Anayetaka kuanza na ajue hilo: umbo la wembe si wembe. Na hata ule wa kweli, ukiwa mpya, aghalabu hutoka dukani haujafaa kugusa uso mpaka upite kwenye kinoo. Wanaoanza wengi huujaribu hivyohivyo, ukawang'oa ndevu, wakasema wazee walikuwa wakijitesa.

Mama alipoona nimetupa pesa bure ndipo akatoa ufunguo. Baba akachagua nyembe mbili kwa kupapasa, mmoja wake, mmoja wangu. Akaniambia nifunge uzi mwekundu kwenye mpini wa ule wangu. Nikamwambia, "Baba, mimi na wewe damu yetu ni moja." Akajibu, "Damu moja, wembe mbalimbali. Funga uzi."

Nilidhani tutaanza na uso. Wiki mbili nzima sikugusa uso wa mtu. Tulianza na ukanda. Ukanda wa ngozi hufungwa kwenye msumari, ukavutwa kwa mkono wa kushoto mpaka ukakaza, na wembe ukalazwa juu yake bapa. Hapo ndipo karani msomi alipoonekana mjinga, kwa kuwa akili yangu iliniambia nisukume makali mbele kama mtu anayemenya muhogo. La hasha! Kwenye ukanda mgongo wa wembe hutangulia na makali hufuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza, na wakati wa kugeuza ubao huzunguka juu ya mgongo wake, mgongo usiachane na ngozi. Ukizungusha juu ya makali umekwisha, umeukata ukanda na kuuharibu wembe kwa mkupuo mmoja. Niliukata ukanda mara mbili siku ya kwanza. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ukutani, na kila nilipokosea alisema "hapo" kabla mimi sijajua. Alikuwa akisikiliza. Wembe uliolala vizuri unasema shaa, shaa, sauti moja kwenda na kurudi. Ukiinuka kidogo sauti hukatika. Alinitaka nifanye mara 50 bila yeye kusema "hapo". Ilinichukua siku 9.

Ndipo likaja puto. Alimtuma mjukuu dukani akanunue maputo, tukalijaza moja upepo, tukalipaka povu la sabuni, nikaambiwa ninyoe. Puto halisamehe. Ukikandamiza linapasuka, ukiinua mgongo wa wembe sana linapasuka. Nilipasua saba, na mjukuu aliyadai yote saba. Baba akanipa kipimo nilichoweza kukielewa mimi mtu wa ofisini: kati ya mgongo wa wembe na ngozi pawe na nafasi ya kupitisha penseli. Zaidi ya hapo unakata nyama, chini ya hapo unang'oa ndevu.

Na puto la nane liliponyoleka likabaki zima, nilidhani sasa nitapewa shavu lake. Mzee akakataa. "Kinyozi hajinyoi," alisema, "lakini wewe si kinyozi. Jinyoe kwanza."

Nikaanza na shavu langu la kulia peke yake, kuanzia sikioni hadi kwenye taya, uso uliobaki nikaumalizia kwa wembe wa plastiki. Ndiyo ushauri ninaompa kila anayeanza, asione haya kutembea na uso wa mafundi wawili. Ndevu zikandwe kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto dakika chache, kwa sababu unywele ulioshiba maji hulainika na kukatika kwa urahisi, ila mkavu ni mgumu. Kisha povu zito, si povu la kuoshea vyombo. Na mkono usioshika wembe ndio wenye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani ndio unaovuta ngozi ikakaza. Wembe hautambui mkunjo na kinundu, hupita moja kwa moja. Shavu lilinichukua siku nne. Upande wa kushoto wiki nzima, maana Baba alinilazimisha nitumie mkono wa kushoto na mimi mkono huo nilikuwa naujua kwa kushikia karatasi tu. Kidevu sitakisemea sana, kila mwanamume ana kidevu chake na ugomvi wake nacho.

Jeraha langu kubwa lilikuwa kwenye taya. Sikulipata kwa woga, nililipata siku nilipoanza kujiona fundi. Nilikuwa nikizungumza na Mama huku nanyoa, mkono ukateleza pembeni, si chini. Damu ikachuruzika mpaka kifuani. Nikasikia sauti ya Baba kutoka barazani, "Umeuvuta upande!" Sijui alijuaje. Alinieleza baadaye kwamba wembe ukienda mbele hunyoa, ukienda ubavuni huchinja. Nikapaka shabu, lile jiwe jeupe linalochoma kama pilipili, damu ikakoma.

Naomba nieleze na sauti nyingine, kwa kuwa hiyo ndiyo niliyofundishwa hasa. Wembe mkali uliokaa sawa ukipita juu ya visiki vya ndevu hulia, kama mtu anayekanyaga majani makavu ya mwembe kwa mbali. Ukianza kunyamaza au kukwaruza, makali yameondoka. Hapo mtu mjinga huongeza nguvu, na ndipo hujikata. Watu huogopa wembe mkali, kumbe mbaya wao ni ule butu.

Haya ya kujifunza kujinyoa si mageni duniani. Mwaka 1769 Mfaransa mmoja aliyekuwa fundi wa visu, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe, maana wakati huo kila mtu alimtegemea kinyozi. Mwaka 1904 King C. Gillette akapewa hataza Marekani kwa wembe wake wa kutumia na kutupa, na tangu hapo elimu ya ukanda na kinoo ikaanza kuonekana upuuzi. Mwaka 1971 kampuni yake ikatoa wembe wa makali mawili kwa pamoja, na siku hizi yamefika matano. Nia yao ni kunyoa karibu zaidi. Makali ya kwanza huuvuta unywele, ya pili huukata chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni raha tupu. Kwa sisi wenye nywele za kujipinda, unywele uliokatwa chini ya ngozi hurudi ukajichomeka ndani unapoota, na hivyo ndivyo vile vipele vya shingoni ambavyo vijana wetu huvipaka marashi wakidhani ni maji ya chumvi ya Mombasa. Dawa yake si siri: makali mamoja, kufuata ndevu zinakolalia, kutoirudia ngozi mara nyingi, na kuridhika na uso usiokuwa laini kama yai. Wembe wa kukunja sio pekee uwezao hayo, lakini huyafanya vizuri. Vipele vyangu vya miaka 30 vilikwisha kwa mwezi mmoja na nusu. Baba alikuwa amekwisha kuniambia hayo nikiwa kijana, nikamjibu nimesoma.

Watu wananiuliza, kwa nini ujisumbue wakati wembe wa plastiki unauzwa kila kibanda kwa bei ndogo? Swali hilo ni la haki na sitalijibu kwa hesabu ya pesa, ingawa wembe wa Baba umemaliza zaidi ya miaka 60 na bado unanoleka. Chuma chake kinataka matunzo, hasa hewa yetu hii ya pwani ambayo hula hata bawaba za milango. Ukishamaliza sharti uukaushe kabisa, uupake tone la mafuta ya cherehani, usiufungie bafuni. Ni kazi kila siku, dakika 20 badala ya tano. Mwenye kuwahi matatu ya saa kumi na mbili simlaumu akichukua plastiki yake. Na mwenye watoto wadogo na asiye na kabati la kufungwa, huyo namwambia asianze kabisa.

Lakini sisi katika nchi hii hatukupata kuuona wembe kuwa ni chombo cha usafi tu. Kwetu pwani mtoto mchanga hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, aghalabu siku ya saba, na wazee huwa wamekaa wanatazama. Kwa Wamaasai, morani anapouaga ujana wake katika sherehe ya eunoto, mama yake ndiye humnyoa zile nywele ndefu, na wapo mashujaa wanaolia. Wajaluo walikuwa na desturi ya wafiwa kunyolewa baada ya maziko. Katika yote hayo mtu hutoa kichwa chake akakiweka mikononi mwa mwingine mwenye chuma kikali. Tumemwachia kazi hiyo mtu wa dukani, naye kwa sababu nzuri hawezi tena kutumia chuma kile. Kwa hiyo kama hakuna atakayejifunza nyumbani, mzee kama Baba atanyolewa na nani kwa namna anayoitaka yeye? Hilo ndilo swali langu, na nimewauliza rafiki zangu wastaafu, wote wana wazee majumbani, wote wamenijibu kwamba kuna mashine.

Mwisho wa Aprili 2022 nilijinyoa mara 20 mfululizo bila tone la damu. Nikamwambia Baba. Akanipapasa uso wote, polepole, taya, chini ya pua, shingo, kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akasema kesho.

Asubuhi ile Mama alitoka kabisa nyumbani, alisema hawezi kutazama. Nikamketisha Baba uani, pale pale mbele ya kile kigae cha kioo ingawa hakina kazi kwake tena. Nikamfunga taulo, nikamkanda ndevu kwa maji ya moto. Sikuwa nimejua jinsi mashavu yake yalivyobonyea. Meno ya pembeni yamekwisha kung'oka, ngozi imelegea, na ngozi iliyolegea ni kama kitambaa kilicholowa, ukiipitishia wembe bila kuikaza inakunjana mbele ya makali. Yote niliyojifunza juu ya uso wangu hayakutosha. Mkono ulianza kutetemeka. Nikasimama.

Baba akainua kichwa chake nyuma, akanionyesha koo, akafumba macho yake yasiyoona. Akasema, "Nenda nao taratibu, nakusikiliza."

Nikavuta ngozi kwa vidole viwili, nikalaza wembe. Nilisikia yale majani makavu. Alinisimamisha mara mbili tu, mara moja chini ya taya nilipoinua mgongo wa wembe sana, na mara ya pili kwenye sharubu, nilipotaka kumshika pua naye akasema pua yake si kipini cha mlango. Shavu la mwisho lilipokwisha nilimpangusa kwa kitambaa cha moto, kisha cha baridi. Hapakuwa na damu. Nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyebeba magunia.

Akajipapasa. Kulia, sawa. Kushoto, sawa. Kidevu akakizunguka kwa dole gumba, akatikisa kichwa. Halafu vidole vikashuka kwenye koromeo vikasimama hapo.

"Hapa umeacha shamba," alisema.

Nikachukua brashi nikapaka sabuni tena.